Saa Elfu Mbili: Injini ya Ndege Ndogo Ifumuliwe Lini?

Mtu akiipitia orodha ya ndege ndogo zinazouzwa, iwe ni ya Nairobi au ya Florida, ataona kwamba jambo litajwalo mara baada ya aina na umri wa ndege ni hesabu moja tu: injini imeruka saa ngapi tangu ilipofumuliwa mara ya mwisho, na zimesalia saa ngapi kabla ya kufumuliwa tena. Kwa hesabu hiyo bei hupanda au kushuka kwa maelfu ya dola. Hata hivyo, waulizwapo wamiliki, marubani, mafundi na mawakala wa bima swali lililo jepesi kwa sura, yaani kama ni sharti injini ifumuliwe itimizapo hesabu hiyo, majibu yao hayapatani: huyu husema ni sheria, yule husema ni nasaha, wa tatu huapa kwamba ni hila ya watengenezaji ya kuuza vipuri, na wa nne hunong'ona kwamba kila anayeipuuza hesabu hiyo ajali inamngojea mbele. Majibu manne juu ya jambo moja la chuma na mafuta ni dalili kwamba maswali kadhaa yaliyo mbalimbali yamefungwa katika furushi moja, na kazi ya uchambuzi huu ni kulifungua furushi hilo.

Hesabu ilikotoka

Injini nyingi za ndege ndogo za watu binafsi hutoka katika nyumba mbili za Kimarekani, Lycoming ya Williamsport katika jimbo la Pennsylvania, na Continental ya Mobile katika Alabama, na umbo lake limebadilika kidogo mno tangu miaka ya 1950: silinda nne au sita zimelazwa ubavu pande mbili za krankishafti, hupozwa kwa upepo, huwashwa kwa magneto mbili, na aghalabu huizungusha rafadha moja kwa moja bila gia. Kwa kila aina mtengenezaji hutangaza muda ambao ukitimia yeye hupendekeza injini ishushwe, ifumuliwe hata kipande cha mwisho, isafishwe, ipimwe, kilichochakaa kibadilishwe, kisha iundwe tena na kujaribiwa. Muda huo mafundi huuita TBO. Kwa Lycoming za O-320 na O-360, ambazo zimo kwa maelfu katika ndege za Cessna 172 na Piper Cherokee, muda huo kwa aina nyingi ni saa 2,000. Kwa Continental IO-520 ni saa 1,700. Juu ya saa upo muhula wa kalenda, nao ni miaka 12, ambao huhesabiwa hata kama ndege imelala bandani.

Hesabu hizi si sifa ya chuma iliyogunduliwa maabarani. Zilianza chini, zikapanda kadiri uzoefu ulivyokusanyika. Mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ya de Havilland ya Uingereza, ikitaka kuwatuliza wanunuzi, iliichukua injini yake moja ya Gipsy, ikaifunga kwa lakiri, ikairusha saa 600, na ilipofunguliwa ikaonekana kwamba gharama ya vipuri vilivyochakaa ilikuwa pauni chache tu. Na injini za ukoo huo ndizo zilizofungua usafiri wa anga wa Nairobi, kwa kuwa Wilson Airways ilianza kazi mwaka 1929 kwa ndege ya Gipsy Moth. O-320 za awali zilipewa saa 1,200, zikafikishwa 2,000 baada ya vijiti vya vali za kutolea moshi kufanywa vinene zaidi. Rotax 912 ya Austria nayo, kwa marekebisho na kwa uzoefu, imepandishwa kutoka saa 1,200 hata 1,500, kisha 2,000.

Katika nyaraka za Lycoming yamo mambo mawili ambayo wasomaji wengi huyaruka. La kwanza ni kwamba kampuni yenyewe hukataa kumdhaminia mtu yeyote kuwa injini yake itaufikia muda uliotangazwa, kwa sababu injini hazirushwi wala hazitunzwi kwa namna moja. La pili ni kwamba injini iliyorushwa mfululizo, saa 40 au zaidi kila mwezi tangu ilipofungwa katika ndege, huruhusiwa saa 200 juu ya muda wake. Basi mtengenezaji anakiri kwa kalamu yake kwamba saa zinazofuatana upesi huichosha injini kidogo kuliko saa zile zile zikinyunyizwa katika miaka, na ikirari hiyo, kama itakavyoonekana, ina uzito kuliko hesabu yenyewe.

Mintarafu ya sheria, machafuko mengi hutokana na kuchanganya ndege za biashara na ndege za watu binafsi. Katika Marekani mwenye ndege anayejirusha kwa shughuli zake mwenyewe hafungwi na TBO. Afungwa na ukaguzi wa kila mwaka na maagizo ya lazima ya usalama yanayotolewa na serikali, ilhali mchukuzi wa abiria kwa malipo ndiye ambaye kwa kawaida muda huo huwa ni sharti la leseni yake. Uingereza kwa miaka mingi ilishika njia ya kati, ikiruhusu muda uzidishwe kwa asilimia 20, na zaidi ya hapo injini iendelee kwa kukaguliwa hali yake. Kwa ndege iliyosajiliwa Kenya au Tanzania hukumu imo katika programu ya matengenezo iliyoidhinishwa na mamlaka ya usafiri wa anga, na mwenye ndege aisome mwenyewe, wala asitosheke na fatwa za mezani katika klabu ya marubani.

Rai ya kwanza: muda ushikwe

Wanaoushika muda wana hujja nzito, na si haki kuwadhania kuwa ni watu wa woga tu. Hujja yao ya kwanza ni ya vipande visivyoonekana. Krankishafti, boliti za konrodi, na gia za nyuma zinazoendesha magneto na pampu ya oili hukaa ndani ya kasha ambalo halifunguliwi katika ukaguzi wa mwaka, na ufa unaokua katika krankishafti hautoi vumbi la chuma katika filta, hauongezi joto, wala hauibi oili. Hukua kimya mpaka siku ya kukatika. Hakuna njia ya kuutambua mapema isipokuwa kuifumua injini na kukipima kipande hicho kwa sumaku na unga wa chuma, na hiyo ni kazi inayofanyika karakanani peke yake.

Ya pili ni ya mali. Kufumua O-360 katika karakana yenye sifa, kwa bei za miaka hii, ni kazi ya makumi ya maelfu ya dola, na mwenye ndege aliyeiweka akiba kwa kila saa ya kuruka huiona fedha hiyo kuwa imekwisha kazi yake saa 2,000 zitimiapo. Injini ikifumuliwa ingali nzima, krankishafti na kasha husafishwa, hupimwa, hurudishwa kazini. Ikiachwa hata ikavunjika, konrodi iliyokatika hulipasua kasha, na yule aliyetaka kuokoa sehemu ya gharama hujikuta analipa injini kamili, fauka ya madhara ya ndege yenyewe na ya waliomo.

Ya tatu, nayo ndiyo inayosemwa kwa uchache ingawa kwa mizani yangu ndiyo yenye nguvu kuliko zote, ni ya nidhamu. Kanuni ya saa haihitaji ustadi wa kusoma dalili, haimtegemei fundi mmoja mwenye macho makali, wala haimpi mwenye ndege mlango wa kujidanganya. Mtu aliyebanwa na fedha huona kila dalili kuwa ndogo. Kwa ndege ya injini moja inayovuka bahari baina ya Dar es Salaam na Mafia, au kukata Ziwa Victoria, kanuni butu isiyoingia katika mabishano huweza kuwa salama kuliko busara iliyo kali leo na kesho imelala.

Kuna injini chache ambazo rai hii huzidi nguvu kwazo, nazo ni zile zilizowekewa gia baina ya krankishafti na rafadha, ambazo mtengenezaji mwenyewe huzipa muda mfupi zaidi, kwa kuwa gia huumizwa na mkono wa rubani anayeivuta nguvu ghafula. Ya aina hiyo ilikuwa GO-480 ya Lycoming katika ile Dornier Do 27 yenye milia ya punda, ambayo Bernhard Grzimek na mwanawe Michael waliirusha Serengeti kuhesabu wanyama. Michael alifariki nayo Januari 1959, lakini ajali ile ilitokana na kugongana na tai, wala haikuwa taksiri ya injini.

Ila za rai hii ni mbili. Kwanza, inazichukulia saa zote kuwa sawa. Ndege ya shule ya urubani inayoruka saa 70 kwa mwezi huzimaliza saa 2,000 kabla ya miaka miwili na nusu, ilhali mwenye ndege arukaye saa 50 kwa mwaka angehitaji miaka 40 kuzimaliza; kuzipa injini hizo mbili hukumu moja kwa sababu namba zao zinafanana ni kuupima umri wa watu kwa hatua walizotembea. Ila ya pili ni kubwa zaidi: rai hii inakisia, bila kusema, kwamba injini iliyotoka kufumuliwa ni salama kuliko ile iliyokuwa ikizunguka vema jana yake. Kisio hilo ndilo ambalo watu wa rai ya pili wamelishambulia kwa ushahidi.

Rai ya pili: hali ndiyo iamue

Asili ya shambulio hilo ni ya Vita vya Pili vya Dunia. C. H. Waddington, mwanabiolojia Mwingereza aliyetumikia katika utafiti wa kivita wa Coastal Command, kikosi cha anga cha Uingereza, alichunguza hitilafu za ndege za doria zilizowinda nyambizi za Wajerumani, akaona jambo lililowashangaza wakuu: hitilafu ziliongezeka mara tu baada ya ukaguzi mkubwa wa kila saa 50, kisha zikapungua kidogo kidogo mpaka ukaguzi mwingine ufike. Laiti ukaguzi ungekuwa unazuia hitilafu, mambo yangekuwa kinyume. Maelezo yake yalichapishwa mwaka 1973, na rai iliyotoka humo ni kwamba kukifungua kitu kilicho kizima ni kukiingizia hatari ambayo haikuwamo.

Mashirika makubwa ya ndege yalifika mahali pale pale kwa njia nyingine. F. Stanley Nowlan na Howard Heap wa United Airlines, katika taarifa yao ya mwaka 1978 kwa Wizara ya Ulinzi ya Marekani, walionyesha kwamba katika vifaa vya ndege walivyovichunguza asilimia 89 havikuwa na umri ambao baada yake uharibifu ulizidi kwa kiasi cha kustahili kuwekewa ukomo, na kwamba asilimia 68 viliharibika zaidi vilipokuwa vipya. Kwa ushahidi wa namna hii mashirika yaliacha kuzifumua injini kwa saa na kuanza kuzifumua kwa hali, na usalama haukupungua.

Mfano wa karibu uliwapata wenye ndege ndogo wenyewe. Februari 2023 Continental ilitangaza kwamba katika injini mpya ilizoziuza tangu 2021 yamkini ringi zinazoshikilia vizito vya kusawazisha krankishafti hazikufungwa barabara, na serikali ya Marekani ikaamuru zikaguliwe, huku tahadhari kubwa ikielekezwa kwa injini zisizozidi saa 200. Injini iliyokwisha pita saa hizo salama ilihesabiwa kuwa imejithibitisha. Iliyo mpya ndiyo iliyolazwa chini. Mfuasi mashuhuri wa rai hii kwa watu binafsi, fundi na mwandishi wa Kimarekani Mike Busch, aliziacha injini za Cessna 310 yake zipite mara mbili ya muda wake, akazifuatilia kwa vipimo.

Vipimo hivyo ndivyo nguzo ya rai yenyewe, na kila kimoja kina jambo lake. Oili hubadilishwa kila saa 50 au miezi minne, lolote litangulialo, na kila mara filta hukatwa, karatasi yake ikakunjuliwa mwangani na kupitishiwa sumaku ili kuona kama chuma kimeanza kumeguka. Sampuli ya oili hupelekwa maabara: chuma kikizidi husemea silinda, kamshafti na tapeti, alumini husemea pistoni, na silikoni husemea vumbi, jambo ambalo mwenye ndege anayetua katika viwanja vya murram vya Mara au Serengeti hana budi kulitazama kuliko mwenzake wa Ulaya, kwa sababu filta ya hewa iliyochanika hugeuza safari moja ya kiangazi kuwa msasa ndani ya silinda. Kompresheni hupimwa kwa hewa ya ratili 80 kwa inchi ya mraba. Lycoming hutaka silinda ifikiriwe kuondolewa usomaji ushukapo chini ya 60, lakini Continental tangu mwaka 2003 inataka silinda ichunguliwe pia kwa kamera nyembamba ipitishwayo katika tundu la plagi, kwani usomaji mdogo peke yake hauihukumu silinda. Kamera hiyo ndiyo neema kubwa ya zama hizi. Vali ya kutolea moshi inayoanza kuungua huonyesha rangi zisizolingana, upande mmoja ukiwa na joto kupita mwingine, na mwenye macho huiona mapema, vali ingali inafunga.

Dosari ya rai hii ndiyo nguvu ya ile ya kwanza. Vipimo huona silinda, vali, kamshafti na beringi zinazomeguka. Haviuoni ufa wa krankishafti wala boliti iliyokazwa vibaya. Tena rai hii inadai mtu. Mwenye ndege asiyekata filta, asiyepeleka oili maabara, asiye na mita ya joto la kila silinda, kisha akajisifu kwamba injini yake inakwenda kwa hali, hafuati rai yoyote. Ameacha tu kazi akaipa jina zuri.

Ushahidi upimwe

Katika mabishano haya hesabu za ajali hutupwa huku na huku kwa uyakini usiostahili. Wafuasi wa hali hupenda kutaja kwamba injini zilizovunjika angani ndani ya saa mia chache baada ya kufumuliwa ni nyingi, na zilizovunjika baada ya kupita muda ni chache. Ni kweli, lakini injini zinazoruka baada ya muda ni chache pia, kwa kuwa wengi hufumua, na hakuna daftari linalosema kwa yakini injini za kila umri zimeruka saa ngapi. Ajali kumi katika saa milioni na ajali kumi katika saa elfu mia hazina maana moja. Fauka ya hayo, injini zilizofika saa 3,000 ni zile zilizokwisha chujwa: mbovu zimeanguka njiani, za wazembe zimefumuliwa kwa lazima, na zilizobaki ni za wale wenye bidii. Kuzitazama hizo na kusema kwamba umri haudhuru ni kosa lile lile la kumuuliza mzee wa miaka mia siri ya afya.

Upande wa pili nao hauna haki ya kutamba. Ndege yenye injini iliyopita muda ikianguka, umri hulaumiwa kabla ya uchunguzi, ilhali injini nyingi zizimazo angani huzima kwa kukosa petroli, kwa petroli yenye maji, au kwa barafu katika kabureta, mambo ambayo hayana habari na TBO.

Ushahidi wa Waddington na wa United haufai pia kubebwa mzima mzima. Ndege zile zilikuwa nyingi, za aina moja, zikihudumiwa na vikosi vya mafundi na makarani walioandika kila hitilafu, na zile za abiria zilikuwa na injini zaidi ya moja, hata moja ikifa safari ikaendelea. Mwenye Cessna 182 moja hana kundi la kulinganisha. Injini yake ndiyo sampuli nzima. Linaloruhusiwa na ushahidi, kwa mizani yangu, ni dai la wastani: kwamba hakuna ukuta katika saa 2,000, kwamba saa za mwanzo baada ya kufumuliwa zina hatari yake, na kwamba baina ya mwanzo huo na uchakavu wa kweli kuna uwanda mrefu ambao urefu wake hutegemea matumizi.

Kutu

Uwanda huo hufupishwa na adui ambaye hesabu ya saa haimjui kabisa. Petroli ikiungua hutoa maji, na maji hayo huingia katika oili. Safari ya saa moja, oili ikafikia joto la takriban digrii 80 za Selisiasi, huyakausha, bali kuiwasha injini chini dakika kumi na kuizima huyaongeza. Wako wenye ndege wanaodhani wanaifanyia hisani kwa kuiwasha bandani kila Jumapili. Wako na wanaoizungusha rafadha kwa mkono ili kuipaka oili, nao huifuta ile iliyokuwa imebaki.

Katika Lycoming kamshafti iko juu ya krankishafti, oili huidondokea ikazunguka tu, na ikilala hukauka. Kutu ndogo juu ya kamshafti au uso wa tapeti hugeuka kuwa mashimo, mashimo huuvunja uso mgumu wa chuma, na baada ya saa chache tangu ndege irudi kazini vipande huonekana katika filta. Hapo hakuna matengenezo madogo: kuifikia kamshafti ni kulifungua kasha, na kulifungua kasha ni kuifumua injini. Continental zimeiweka kamshafti chini, ambako oili hukaa karibu nayo, lakini silinda zake hazina kinga hiyo. Lycoming yenyewe huonya kwamba mahali penye unyevu mwingi kuta za silinda mpya huweza kuonyesha kutu ndani ya siku mbili tu za kulala. Basi fikiri ndege iliyolala miezi mitatu Zanzibar, Mombasa au Manda, upepo wa kusi ukileta chumvi kila asubuhi, mwenyewe akiwa safarini na avgasi isipatikane kwa urahisi. Mwaka ukiisha, daftari lake litaonyesha saa 25, na mnunuzi ataambiwa kwamba injini ni changa.

Hapa ndipo muhula wa miaka 12, ambao hudharauliwa kuliko ule wa saa, hupata maana. Si kwamba mwaka wa kumi na mbili una sumu; ni kwamba miaka ndicho kipimo pekee, tena kibovu, ambacho mtengenezaji anacho cha kukisia kutu.

Kufumua si jambo moja

Mnunuzi aambiwapo kuwa injini imefumuliwa hajaambiwa mengi. Kwa sheria za Marekani mtengenezaji peke yake, au wakala aliyemwidhinisha, ndiye anayeweza kuiunda upya injini na kuifungulia daftari jipya lenye saa sifuri; karakana nyingine yoyote huifumua, na saa za zamani hubaki zimeandikwa. Tena mfumuaji huruhusiwa kutumia vipimo vya kipande kipya au vile vilivyolegezwa vya kipande kingalichopo kazini, na kwa namna zote mbili injini huitwa imefumuliwa, ingawa ya pili ina maisha mafupi mbele yake.

Njia ya kubadilisha silinda tu bila kulifungua kasha huvutia kwa bei, na mara nyingi inafaa kwa silinda moja yenye vali iliyoungua. Lakini boliti ndefu zinazozishika silinda ndizo zinazolibana kasha juu ya beringi za krankishafti; fundi akiondoa silinda zote kwa pamoja, au akizirudisha juu ya rangi iliyopakwa katika nyuso zinazokutana, nati hulegea baadaye, beringi huhama mahali pake, na tundu la oili likazibwa. Kwa hiyo silinda isiondolewe ila kwa dalili iliyoonekana kwa macho, na ya pili isiondolewe kwa sababu tu ya kuipa mwenziwe usawa.

Hukumu kwa kila hali

Mambo mawili hayana mjadala. Ndege inayochukua abiria kwa malipo ifuate muda iliowekewa, maana abiria hakushauriwa wala hana daftari la filta. Na rafadha iliyogonga ardhi, kichuguu au kigogo injini ikiwa inazunguka, hata kama uwanja ulikuwa majani na rafadha imepinda kidogo tu, injini yake ishushwe na kufunguliwa: pigo hilo ni la krankishafti na gia yake ya nyuma, yaani vile vipande ambavyo vipimo vya hali haviwezi kuvisemea.

Kwa mwenye ndege anayeruka saa mia au zaidi kwa mwaka, safari zake ndefu za kutosha kuikausha oili, mwenye mita ya joto la kila silinda na fundi anayekata filta na kuingiza kamera, sioni hujja ya kutosha ya kuifumua injini yenye siha kwa sababu imefika saa 2,000. Aendelee, kwa sharti kwamba dalili za kumsimamisha ameziandika mapema kabla ya kubanwa na fedha: chuma kinachoongezeka katika filta mbili mfululizo, oili inayoliwa kwa kasi mpya, shinikizo la oili linaloshuka bila sababu. Aweke pia akiba ya kufumua tangu saa ya kwanza, kwa kuwa atakayengoja dalili bila fedha mkononi hatazitii zitakapofika. Anayeruka usiku au juu ya maji kwa injini moja ana haki ya kuchagua tahadhari zaidi, na chaguo hilo liitwe tahadhari, lisiitwe sheria. Naye akishafumua, saa 50 za kwanza azirushe mchana na karibu na viwanja.

Iliyobaki ndiyo ngumu, na ndiyo iliyo nyingi: ndege ya miaka mingi yenye saa chache, inayouzwa kwa bei ya juu kwa sababu ya uchache huo. Soko linaisifu kuliko zote, na kwa hoja zilizopita ndiyo ya kushukiwa kuliko zote. Mnunuzi asiulize kwanza saa zilizobaki, aulize tarehe: oili imebadilishwa lini na lini, ndege imekaa muda gani bila kuruka, na imelala bara pakavu au pwani. Kama ni Continental, tapeti zake zaweza kutolewa na kutazamwa bila kulifungua kasha. Kama ni Lycoming, silinda moja iondolewe ili kamshafti ionekane, na gharama hiyo aibebe muuzaji. Muuzaji akikataa, au tarehe zisipopatikana katika daftari, bei ya ndege ihesabiwe kana kwamba injini yake imekwisha, hata kama imeandikwa saa 400.